Vita vya Roma kaskazini: uanzie Gallia au Germania?

Majira ya baridi ya mwaka 54 KK, Ambiorix, mmoja wa wafalme wawili wa kabila la Waeburones kaskazini mwa Gallia (nchi ambayo leo ni Ufaransa na jirani zake), alikuja kuzungumza na Warumi waliokuwa wamejifungia kambini, akawapa habari kana kwamba ni rafiki yao. Gallia yote imeinuka, alisema. Wagermanik wamekwisha kuvuka mto Rhine. Tokeni humu upesi mkaungane na wenzenu, nami nitawapisha katika nchi yangu bila kuwagusa. Makamanda wawili waliokuwamo, Sabinus na Cotta, walibishana hadi usiku wa manane. Cotta hakuona sababu ya kupokea ushauri wa adui. Sabinus aliupokea, na neno lake ndilo lililoshinda. Alfajiri wakatoka na mizigo yao, msafara mrefu, wakaingia bondeni, na huko bondeni ndiko Ambiorix alikokuwa akiwangoja. Lejioni moja na nusu (lejioni ni kikosi kikuu cha jeshi la Roma), askari maelfu kwa maelfu, ikaishia hapo.

Miaka 62 baadaye, mwaka 9 BK, kisa kilekile kikajirudia ng'ambo ya pili ya Rhine, katika Germania (Ujerumani ya leo). Safari hii aliyeaminiwa ni Arminius wa Wacherusci, kijana aliyekuwa na uraia wa Roma, aliyewahi kuongoza askari wa kabila lake chini ya bendera ya Roma na kula meza moja na liwali Publius Quinctilius Varus. Aliyeonya ni Segestes, mkubwa mwingine wa kabila hilohilo, naye hakusikilizwa. Chambo kilikuwa habari za maasi ya mbali. Msafara ukatoka, ukaingia msituni katika mvua na upepo, na lejioni tatu, ya 17, ya 18 na ya 19, zikateketea. Varus akajiua kwa upanga.

Baada ya kisa cha kwanza, Roma iliimeza Gallia yote ndani ya miaka minne. Baada ya cha pili ilipigana miaka saba zaidi, kisha ikarudi kwenye Rhine na kuyaacha makabila ya ng'ambo yaendelee na mambo yao.

Anayetaka kufuatilia vita hivi ana milango miwili, na karibu kila mtu huelekezwa mlango wa Gallia, kwa Julius Caesar. Mimi huwashauri wengi waingilie Germania. Si kwa sababu ni rahisi. Ni vigumu zaidi. Na wapo ambao ushauri huu hauwafai, nao nitawataja.

Anayekusimulia ni nani

Gallia ina msimulizi mmoja, naye ni jemadari mwenyewe. Caesar aliandika vitabu saba juu ya vita vyake, kimoja kwa kila mwaka kuanzia 58 hadi 52 KK; cha nane kiliongezwa na msaidizi wake Aulus Hirtius. Hajiiti "mimi". Ni "Caesar akaamuru", "Caesar akaona", utadhani kuna karani mtulivu ameketi pembeni ananukuu yanayotokea. Ukisoma kurasa ishirini unasahau kwamba karani na jemadari ni mtu mmoja, tena mtu mwenye madeni, mwenye maadui katika Seneti na mwenye kila sababu ya kutaka habari zake zipendeze Roma. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Chukua hesabu zake. Mwaka 57 KK aliwapiga Wanervii kando ya mto, katika pambano lililokaribia kumshinda, kisha akaandika kwamba kati ya wanaume wao 60,000 wa kushika silaha walibaki 500 tu. Miaka mitatu baadaye Wanervii haohao, waliodhaniwa wamekwisha, wako mstari wa mbele kuizingira kambi ya Quintus Cicero, ndugu yake yule msemaji maarufu, wakichimba handaki na kujenga boma kuizunguka. Mwaka 55 KK anadai Wausipetes na Watencteri aliowashambulia walikuwa watu 430,000, wanawake na watoto wakiwemo, na kwamba upande wake hakufa hata askari mmoja. Wazee na machifu wao walikuwa wamekuja kambini kwake asubuhi ileile kujieleza, naye akawazuia humo, kisha akalipeleka jeshi juu ya watu wasio na viongozi. Kule Roma, Cato, seneta aliyempinga, alisimama Senetini akataka Caesar akabidhiwe kwa Wagermanik kwa kuvunja imani. Hilo la Cato hulipati kwa Caesar. Unalipata kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Halafu kuna mnyama wake wa msituni Germania, mfano wa swala mkubwa, ambaye ati hana viungo vya magoti. Kwa kuwa akilala hawezi kuinuka, husinzia akiegemea mti. Wawindaji hukata mti nusu na kuuacha umesimama. Mnyama akiuegemea, wanaanguka wote wawili. Nimekisoma kipande hiki mara nyingi na bado kinanichekesha. Lakini kimeandikwa kwa sauti ileile ya utulivu inayotumika kuhesabu maiti, na hapo kicheko huisha.

Germania haina karani wa namna hiyo. Ina mashahidi waliotawanyika, na hawakubaliani. Velleius Paterculus alikuwa ofisa aliyetumika huko chini ya Tiberius, jemadari aliyekuja kuwa kaisari, anazijua kambi na mito, ila humsifu bosi wake mpaka msomaji anachoka. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, aliandika karibu miaka mia moja baada ya matukio, kwa uchungu na kwa ufundi. Cassius Dio ni wa karne ya 3. Florus, mwandishi mwingine wa Roma, anasema Varus alivamiwa akiwa ameketi kambini anahukumu kesi. Dio anasema alishambuliwa njiani, siku baada ya siku, magari ya mizigo yakiwa yamekwama matopeni. Haiwezekani wote wawili wawe sahihi. Inabidi uketi kama kadhi: huyu alikuwa wapi, yule alipata wapi habari, nani anafaidika. Hata njia ambayo habari za Tacitus zimetufikia ni finyu: vitabu vyake vya mwanzo, vyenye vita vya jemadari Germanicus baada ya Varus, vilisalimika katika nakala moja tu ya mkono, iliyokuwa katika monasteri ya Corvey, kando ya mto Weser, nchi ileile ambayo vita hivyo vilipiganwa.

Kisha kuna shahidi asiyejua Kilatini, yaani udongo. Mwaka 1987 ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Ujerumani, Tony Clunn, alizunguka na chombo cha kutambua chuma huko Kalkriese, kaskazini mwa Osnabrück, akaokota sarafu za fedha za Kirumi na risasi za kombeo. Wachimbaji waliofuata walipata kinyago cha uso cha askari mpanda farasi, mabaki ya silaha, sarafu zenye mhuri wa jina la Varus, na hakuna sarafu hata moja iliyotengenezwa baada ya mwaka 9. Walipata mashimo yenye mifupa ya watu na wanyama iliyochanganyikana, mifupa iliyokaa juani miaka kadhaa kabla ya kuzikwa. Na walipata nyumbu aliyekufa na kengele yake shingoni, imejazwa majani ili isilie. Kwangu mimi huyo nyumbu anazidi kurasa kumi za Dio. Kuna mtu katika msafara ule alinyamaza, akang'oa majani, akaiziba kengele, akitumaini kupita bila kusikiwa.

Ubishi haujaisha hata hapo. Boma la udongo lililoonekana Kalkriese, baadhi ya wataalamu husema lilijengwa na watu wa Arminius ili kuvizia. Wengine husema ni la Warumi wenyewe. Ukipenda jibu moja lililofungwa, basi Germania itakusumbua. Ukipenda kesi, karibu.

Kwa nini moja ilishindwa na nyingine ikashinda

Hapa ndipo kulinganisha kunapolipa. Jibu rahisi ni kwamba Wagermanik walikuwa wakali kuliko Wagallia. Caesar mwenyewe hulipigia debe jibu hilo: anauchora mto Rhine kama ukuta kati ya watu wanaoweza kutawaliwa na watu wasiotawalika. Ilimfaa, maana alikuwa ameishia kwenye mto huo. Mimi naangalia maghala.

Gallia ilikuwa na miji yenye kuta juu ya vilima, masoko, sarafu, njia zinazopitika na nafaka iliyowekwa mahali pamoja. Jeshi linaloingia hula. Mwaka 52 KK Vercingetorix wa kabila la Arverni aliuelewa udhaifu huo kuliko mtu yeyote wa upande wake, akaamuru nchi ichomwe ili Warumi wafe njaa. Miji zaidi ya 20 ya Wabituriges iliteketezwa kwa siku moja. Lakini walipofika Avaricum, mji wao mzuri kuliko yote, Wabituriges walipiga magoti wakaomba uachwe. Ukaachwa. Caesar akauzingira, akauteka, akaua karibu wote waliokuwamo (anasema kati ya 40,000 waliokoka 800 hivi), na ndani akakuta nafaka tele. Askari wake waliokuwa wakikonda wakashiba. Ningeambiwa nichague siku moja ambayo Gallia ilipotea, nisingechagua ya Alesia, mji ambako Vercingetorix alijisalimisha mwishoni. Ningechagua siku ya huruma ile juu ya Avaricum.

Vuka Rhine uone tofauti. Vijiji vimetawanyika, ghala kubwa hakuna, mji wa kuuzingira hakuna, na ukichoma nyumba watu wameshaingia msituni na ng'ombe wao. Chakula cha jeshi lazima kitoke nyuma, na barabara yake ni maji. Warumi waliutumia mto Lippe, wakajenga kambi kando yake kama Oberaden na Haltern. Oberaden wachimbaji walipata hata pilipili manga, iliyotoka India kwa majahazi yaliyosukumwa na pepo zilezile ambazo mabaharia wetu huziita kusi na kaskazi, mpaka kwenye bakuli la mwanajeshi aliyekuwa akitetemeka kwa baridi ya Ujerumani. Drusus, mtoto wa kambo wa kaisari Augusto, alichimba mfereji wa kupitisha meli zake kutoka Rhine kuelekea bahari ya kaskazini, akafika mto Elbe mwaka 9 KK, kisha akafa baada ya kuanguka na farasi wake. Mwaka 16 BK Germanicus, mwanawe, alijenga meli 1,000 kwa kazi hiyohiyo. Alishinda mapigano makubwa mawili, na wakati wa kurudi dhoruba ikazitawanya meli, nyingine zikazama, na baadhi ya askari wakatupwa mpaka Uingereza. Tacitus anasema rafiki zake walimzuia kwa shida asijitose baharini.

Lakini usiruke haraka kusema msitu haukuwezekana. Huko Waldgirmes, katika bonde la mto Lahn, umechimbuliwa mji wa Kirumi wenye uwanja wa soko na jengo la serikali, si kambi ya vita. Mwaka 2009 kilitolewa kisimani humo kichwa cha farasi cha shaba kilichopakwa dhahabu, kipande cha sanamu kubwa. Watu hawasimamishi sanamu ya dhahabu mahali wanapopita tu. Kabla ya mwaka 9 Roma ilijiona imekwisha kufika. Varus alikwenda kukusanya kodi na kuamua kesi, na hakuwa mjinga kama anavyochorwa: alikuwa ametawala Syria, na huko alizima maasi ya Uyahudi mwaka 4 KK kwa kusulubisha watu 2,000. Katili, ndiyo. Mgeni wa maasi, hapana.

Kwa hiyo ongeza jambo la pili juu ya maghala: muda na mtu. Gallia ilikuwa na kamanda yuleyule, bila kubadilishwa, tangu 58 mpaka mwisho, na kamanda huyo asingeweza kurudi Roma mikono mitupu. Sabinus na Cotta walipouawa, Caesar hakunyoa nywele wala ndevu mpaka alipolipiza, kwa mujibu wa Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari. Germania ilipita mkono hadi mkono. Drusus akafa. Tiberius akaja, akaenda zake kisiwani Rhodes, akarudi, na mwaka 6 BK, alipokuwa tayari kumshukia Maroboduus, mfalme wa kabila la Kigermanik la Wamarcomanni, maasi ya Pannonia, nchi iliyo kando ya mto Danube, yakamvuta kusini kwa miaka mitatu. Alipokuwa kaisari, alimwandikia Germanicus arudi nyumbani: yeye mwenyewe alitumwa Germania mara tisa, alisema, na akili ilimfaa kuliko nguvu, waacheni wagombane wao kwa wao. Wapo wanaosema ni wivu tu, kwa kuwa Germanicus alipendwa mno. Wivu ulikuwepo. Lakini Tiberius aliijua nchi ile kuliko mtu mwingine yeyote aliyekuwa Roma, na mwaka uliofuata Arminius na Maroboduus walikuwa wanapigana.

Watu utakaokutana nao

Vercingetorix tunamwona kupitia macho ya aliyemshinda, na Caesar anamchora vizuri kwa sababu adui mdogo hampi mtu sifa. Baba yake aliuawa na watu wake kwa kutaka ufalme. Yeye alifukuzwa mjini Gergovia na baba yake mdogo, akakusanya maskini wa mashambani, akarudi akawafukuza waliomfukuza. Huko Gergovia alimpa Caesar pigo la kweli, karibu askari 700 na maakida 46. Kisha akajifungia Alesia, na siku ya kujisalimisha Caesar anampa maneno machache tu: Vercingetorix anakabidhiwa, silaha zinatupwa chini. Akawekwa gerezani miaka sita, akatembezwa Roma katika gwaride la ushindi mwaka 46 KK, akauawa.

Na hapo Alesia ndipo penye jambo lililo zito kuliko yote katika vitabu hivyo saba. Chakula kilipokwisha, waliozingirwa waliwatoa nje wenye mji, Wamandubii, pamoja na wake zao na watoto. Wakafika kwenye boma la Warumi wakilia, wakiomba hata utumwa ili wale. Caesar anaandika kwamba aliweka walinzi wasipokewe. Sentensi inayofuata inahusu jambo jingine.

Germania, kwa upande huu, ni hadithi ya familia. Mwaka 16 majeshi yalipokutana kando ya mto Weser, Arminius aliomba kuzungumza na mdogo wake Flavus, aliyekuwa akitumikia Roma na kupoteza jicho moja katika kazi hiyo. Wakasimama kila mmoja ukingo wake. Umelipwa nini kwa jicho hilo? Flavus akataja nyongeza ya mshahara, mkufu, taji. Arminius akacheka: bei rahisi ya utumwa. Mmoja akataja ukuu wa Roma na rehema ya kaisari. Mwingine akataja nchi, miungu ya nyumbani na mama yao anayesali pamoja naye. Matusi yakazidi, na kama Flavus asingezuiwa angevuka mto wapigane. Tacitus huenda aliyapamba maneno, ndiyo desturi ya waandishi wa wakati wake. Lakini ndugu wawili waliogawanywa na mto na mshahara si jambo la kubuni.

Mke wa Arminius, Thusnelda, alikuwa binti wa Segestes, yule aliyemwonya Varus. Mwaka 15 baba yake alimkabidhi kwa Warumi akiwa mjamzito. Tarehe 26 Mei mwaka 17 alitembezwa Roma mbele ya gari la Germanicus, na mtoto wake mdogo Thumelicus. Segestes alikuwa mtazamaji, amepewa nafasi ya heshima. Arminius mwenyewe hakuwahi kukamatwa na Warumi. Aliuawa na jamaa zake kwa kushukiwa kutaka ufalme, kosa lilelile lililomuua baba wa Vercingetorix.

Wasiofaa kuufuata ushauri wangu

Kama unachotaka ni uhandisi wa vita, nenda Gallia moja kwa moja. Daraja juu ya Rhine kwa siku 10, likabomolewa baada ya siku 18 za kutembea ng'ambo. Boma la ndani kuizunguka Alesia la maili 11 za Kirumi na la nje la maili 14, mashimo yenye vigingi na yote. Germania haina kitu cha kufanana na hicho.

Kama unajifunza Kilatini, vilevile Gallia. Caesar ananyooka. Tacitus anakunja sentensi mpaka mwanafunzi analia.

Na kama uko Ulaya na una siku moja ya kutembea, Alise-Sainte-Reine nchini Ufaransa, mahali pa Alesia, na Kalkriese nchini Ujerumani pote pana makumbusho mazuri. Sanamu jihadhari nazo. Ile ya Vercingetorix, ya mwaka 1865, watu huona sura ya Napoleon wa Tatu aliyeigharamia; ile ya Arminius karibu na Detmold, ya mwaka 1875, iko makumi ya kilomita kutoka Kalkriese. Jiwe la akida Marcus Caelius wa lejioni ya 18, aliyefariki "katika vita vya Varus" akiwa na umri wa miaka 53, lina ukweli zaidi kuliko zote mbili. Lilipatikana Xanten, na ndugu yake ndiye aliyelisimamisha.

Wengine wote, fungueni mwaka 15 BK, Germanicus anapofika msituni na kukuta mifupa ya askari wa Varus, mahali pengine imetawanyika, mahali pengine imelundikana, kulingana na waliokimbia na waliosimama, na mafuvu yamepigiliwa kwenye miti. Someni mashahidi wanavyobishana. Mkishazoea kumuuliza kila mmoja alikuwa wapi, rudini nyuma kwa Caesar na kitabu chake cha sita, anapoichoma nchi ya Waeburones kijiji kwa kijiji akimtafuta Ambiorix. Mateka wanaapa wamemwona sasa hivi. Askari wanakimbia usiku na mchana. Naye anaponyoka tena, kutoka pango hadi kichaka, akiwa na wapanda farasi wanne tu anaowaamini.